Isikilize Kabla Hujaifungua

Mjukuu wangu, juzi usiku uliisogeza simu kwenye laptopu yako ukaniuliza, "Babu, unasikia?" Nilisikia kitu, lakini simu haichukui sauti ndogo sawasawa, nikashindwa kukupa jibu la uhakika. Nikakwambia neno moja tu: izime. Najua hukuridhika. Mafundi huko Dodoma wapo na wanajua kazi, ila wao wataisikiliza mashine dakika tano. Wewe unalala nayo chumba kimoja, kwa hiyo sikio lako ndilo la kwanza kujua.

Mimi nilianza na redio na cherehani. Aliyenifundisha alinikataza kushika bisibisi kabla sijaisikiliza mashine inavyolia. Cherehani iliyokauka mafuta hailii kama iliyolegea mkanda, na anayezichanganya hufungua skrubu zote bila sababu. Laptopu haina tofauti. Ndani yake vinavyozunguka ni vichache: feni, diski na, kwa hizi za zamani kama uliyoachiwa na mama yako, mahali pa kuwekea sidii. Toa sidii kama imo, uiweke mashine juu ya meza, kisha kunja karatasi iwe kama mrija. Ncha moja iweke sikioni, nyingine uipitishe polepole kwenye matundu ya hewa, halafu chini ya mahali unapolaza viganja. Utashangaa jinsi sauti inavyojitaja ilipo.

Ikiwa inavuma au kukwaruza, ikapanda unapofungua kurasa nyingi za intaneti na kushuka mashine ikipumzika, hiyo ni feni. Vumbi la huko unalijua. Likichanganyika na nyuzi za shuka hugandamana kama kipande cha blanketi mbele ya vibati vya kupozea, hewa isipite, na feni ikakimbia mchana kutwa bila faida. Ukiiweka mashine kitandani unaziba na matundu ya chini. Safisha kwa brashi laini. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina maji. Ukitumia upepo wa pampu, zuia mapanga ya feni kwa kijiti, kwa sababu upepo mkali huyazungusha kupita kasi yaliyoumbiwa na beringi inaweza kufa. Feni inayokwaruza hata baada ya kusafishwa mara nyingi imekauka beringi. Tone moja la mafuta mepesi ya cherehani linaweza kukusogeza mbele wiki chache, lakini usithubutu mafuta ya kupikia wala ya nazi, yanaganda yakawa gundi. Dawa yake ni feni nyingine. Inauzwa, inabadilishwa, maisha yanaendelea.

Diski si hivyo, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini.

Ndani ya diski mna sahani inayong'aa kama kioo. Katika laptopu nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, nyingine mara 7,200. Juu yake kuna kichwa cha kusomea ambacho hakiigusi sahani, kinaelea juu ya hewa kwa nafasi ndogo mno hata unywele wako ni mnene kuliko nafasi hiyo maelfu ya mara. Kwenye sahani zimeandikwa alama za kukielekeza kichwa mahali kilipo. Kikishindwa kuzisoma, hurudi kilikotoka na kuanza upya, na kila kinaporudi unasikia "tak". Tak moja unapozima, au umeme unapokatika ghafla, ni salama: ni kichwa kinaegeshwa, tena umeme ukikatika diski hutumia nguvu ya mzunguko wake yenyewe kukirudisha mahali pake. Lakini tak, tak, tak yenye mpigo, na mashine imekwama, ni diski inayokufa.

Miaka kadhaa iliyopita mwalimu mmoja aliniletea mashine inayolia hivyo. Niliiwasha, nikaizima, nikaiwasha tena. Kisha nikaiachia programu ya kukagua diski ifanye kazi usiku kucha, nikidhani naitibu. Kumbe kila dakika niliyoizungusha nilikuwa naimaliza. Asubuhi diski haikuonekana kabisa. Picha za marehemu mama yake zilikuwa humo, na hazikuwa kwingine. Hakunigombeza. Aliifunga mashine kwenye kanga akaondoka. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo sijakagua diski ya mtu kabla ya kunakili kilichomo.

Kwa hiyo ukiiwasha, kabla ya kusikiliza, iwashe kwa kazi moja tu. Nakili tasnifu yako kwanza, kisha picha. Filamu na programu ziache, zinapatikana kwingine. Weka kwenye flashi, halafu ujitumie kwa barua pepe, kwa sababu flashi nazo hupotea. Tak ikianza katikati ya kunakili, zima na uache hapo. Usiifungue diski yenyewe hata kwa kuchungulia, chembe ya vumbi usiyoiona ni mlima kwa kile kichwa. Na atakayekwambia uiweke kwenye friji mshukuru kwa nia yake, usimfuate. Unyevu utamalizia kilichobaki.

Sauti nyembamba kama ya mbu, inayobadilika unaposogeza ukurasa juu na chini, isikusumbue. Ni koili zinazotetemeka umeme unapopita, haina madhara. Milio ya "pii, pii" wakati wa kuwaka huku skrini ikiwa nyeusi mara nyingi hutokana na memori isiyokaa vizuri, fundi ataichomoa na kuirudisha.

Liko jambo lisilo na sauti ambalo siwezi kulinyamazia. Ukiona sehemu ya kutelezesha kidole imeinuka, au kava la chini halikai sawa mezani, betri imevimba. Acha kuichaji siku hiyohiyo, usiibonyeze wala kuitoboa, ipeleke kwa fundi. Betri ya namna hiyo inaweza kuwaka moto.

Ukipata fedha, nunua SSD uweke badala ya diski hiyo. Haina kinachozunguka na mashine yako itakuwa na kasi zaidi. Ila ujue kwamba SSD ikifa haipigi tak. Inalala nzima, inaamka haipo. Kazi ya kunakili utaendelea nayo vilevile.

Uliniambia umefika sura ya nne ya tasnifu, na sura zote ziko kwenye laptopu hiyo tu. Zinakili leo kabla hujalala, kisha nipigie, hata kama ni usiku.