Mwendo wa Kasi na Kisingizio cha Kudra

Katika Hija yake ya mwisho, mwaka 632, Mtume Muhammad s.a.w. alipokuwa akitoka Arafa alisikia nyuma yake makelele na ngamia wakichapwa. Akawaashiria watu kwa mjeledi wake, akawaamuru watulie, kwani wema haumo katika kukimbiza wanyama. Nao walikuwa mahujaji, wamo ibadani!

Basi kijana anayekimbiza gari atatoa udhuru gani? Wengine husema, "Ajali ni kudra ya Mungu." La, ndugu yangu! Kudra ndiyo hii: ukiongeza mwendo kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, umbali wa kusimama tangu breki zishike huwa mara nne. Mwenyezi Mungu ndiye aliyeiweka kanuni hiyo, wala haimpendelei mwenye kutundika tasbihi kwenye kioo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuwaua wenye umri wa miaka 5 hadi 29.

Mtu aliyeuliza kama amwache ngamia bila kumfunga, akimtegemea Mungu, aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Breki, taa na mkanda ndiyo kamba ya ngamia yule. Zikague, ndipo useme Bismillahi.