Ahadi ya Kushindwa

Wahenga wamesema kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii hutumiwa aghalabu kuwatuliza walioanguka, na watu huipokea bila ya kuichungua, kwa sababu hudhaniwa kuwa kushindwa huja mwisho wa shindano. Lakini yuko mtu ambaye hukubali kushindwa kabla ya kuingia uwanjani, tena kwa ujira. Huyo naye ataitwa nani? Ni mshindani, ni mwigizaji, au ni mwongo? Na ikiwa amemwahidi mwenziwe kuwa ataanguka, je, ahadi hiyo ni deni kama zilivyo ahadi nyingine? Maisha ya Kimura Masahiko wa Japani yanastahili kutazamwa kwa maswali haya, maana alipata kuwa hodari kuliko wote katika fani yake, kisha akapewa kazi ya kuanguka.

Kimura alizaliwa mwaka 1917 katika mkoa wa Kumamoto, kisiwani Kyushu. Alijifunza judo tangu utotoni, na chini ya mwalimu wake, Ushijima Tatsukuma, alifanya mazoezi ambayo watu wa kawaida wangeyahesabu kuwa adhabu. Alishinda mashindano ya Japani nzima miaka mitatu mfululizo, 1937, 1938 na 1939. Mwaka 1951 alisafiri mpaka Brazil, na katika uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, alimkunja mkono Hélio Gracie, bingwa wa huko aliyekataa katakata kusalimu amri, mpaka ndugu yake Gracie akaomba pambano lisimamishwe. Mkunjo ule huitwa Kimura mpaka leo kwa heshima ya aliyeushinda mkono ule, na wapo vijana wengi duniani wanaolitamka jina hilo bila ya kujua kuwa lilikuwa la mtu.

Mtu wa namna hii aliingiaje katika mieleka ya malipo? Jawabu ni fupi. Vita vilikwisha mwaka 1945 na Japani ilikuwa magofu. Watawala wa kigeni walipiga marufuku judo katika shule, na ubingwa haukununua mchele. Tena mkewe alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, na dawa zilikuwa ghali. Wenye kushiba ndio walio wepesi wa kumlaumu mtu kwa kuuza alichonacho, na Kimura hakuwa na kitu ila mwili wake na jina lake.

Tarehe 19 Februari 1954, katika ukumbi wa Kuramae mjini Tokyo, Kimura alipanda ulingoni pamoja na Rikidozan, aliyepata kuwa mcheza sumo, ili wapambane na ndugu wawili, Ben na Mike Sharpe. Mieleka hii huchezwa wawili kwa wawili. Mmoja hupigana, na mwenziwe husimama nje akishika kamba, akingoja kuguswa mkono ndipo aingie. Asiyejua mambo haya atadhani kuwa kanuni hiyo imewekwa ili watu wapumzike. Kazi yake hasa ni kutengeneza kisa: mmoja hupata mateso mbele ya macho ya watu, akijikokota kuelekea pembeni, na kila anapokaribia kuufikia mkono wa mwenziwe huvutwa nyuma, hata mwishowe akaufikia, na mwokozi akaingia na ghadhabu yake. Kisa hiki hakiwezi kuwako bila ya mteswa. Rikidozan ndiye aliyekuwa mwokozi, akiwakata wageni vifuani kwa ubavu wa kiganja. Mteswa alikuwa Kimura.

Pambano lilionyeshwa kwa televisheni, chombo kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu nchini Japani, na kwa kuwa watu wachache mno waliweza kukinunua, makundi makubwa yalisongamana barabarani mbele ya televisheni zilizowekwa hadharani. Miaka miwili haikuwa imetimia tangu ukaliaji wa Wamarekani ukome, mwezi wa Aprili 1952. Waliosimama pale walimwona Mjapani akiwaangusha Wamarekani, wakalia kwa furaha. Waama majina yale hayakuwa ya kweli. Ndugu Sharpe walikuwa Wakanada, na Rikidozan alizaliwa Korea, jambo ambalo lilifichwa kwa umma wa Japani maisha yake yote. Mjapani halisi katika uwanja ule alikuwa yule aliyeangushwa.

Husemwa kwa kuutetea mchezo huo kuwa ni tamthilia, na tamthilia si uongo. Hoja hii ni nzuri mahali pake. Mwigizaji afapo jukwaani hapana adhaniaye kuwa amekufa. Pazia hufunguliwa tena, naye huinama na kupigiwa makofi kwa kufa vizuri. Lakini watazamaji wa mwaka 1954 waliamini. Faraja yao ilitegemea imani hiyo, na hapa ndipo inapotofautiana na dawa, maana dawa huponya hata ikiitwa kwa jina lisilo lake, bali faraja ya aliyedanganywa hufa siku ajuapo. Na gharama yake ililipwa na mtu mmoja. Kimura hakufunguliwa pazia. Ustadi wa kuanguka, ambao katika kazi ile si mdogo kuliko ustadi wa kuangusha, ulionekana na umma kuwa ni unyonge, na kadiri alivyoifanya kazi yake vizuri ndivyo alivyozidi kudharauliwa. Yamkini hapana ujira unaotosha kazi ya aina hiyo.

Mwezi wa Novemba 1954 gazeti la Asahi lilichapa maneno ya Kimura kwamba mieleka ya Rikidozan ni maonyesho, na kwamba katika pambano la kweli yeye hangeshindwa. Yalikuwa maneno ya kweli, lakini haifai kumfanya shahidi wa ukweli. Alisema kwa uchungu wa heshima yake, na ushahidi ni kuwa baada ya kuufichua uongo mmoja aliafiki mwingine. Katika kitabu cha maisha yake alieleza kuwa yeye na Rikidozan walipatana wapambane, na pambano la kwanza litoke sare.

Walikutana Kuramae tarehe 22 Desemba 1954. Baada ya dakika kadhaa za mieleka ya kawaida, Rikidozan aligeuka, akampiga Kimura kwa viganja na mateke kwa nguvu zake zote. Muda wa robo saa hivi tangu kengele ya kwanza, Kimura alikuwa amelala sakafuni katika damu yake, na pambano likasimamishwa. Rikidozan alidai kuwa alikasirishwa na teke lililompata mahali pasipofaa.

Watu wawili walipatana kuwadanganya maelfu, na mmoja akaivunja ahadi. Je, aliyevunja alitenda kosa? Yuko atakayesema hapana: ahadi ya udanganyifu ni batili, nayo haimfungi mtu, kama vile wezi wasivyoweza kushtakiana kwa mgawo wa mali ya wizi. Kwa kweli Kimura hakuwa na mahali pa kulalamika, kwa kuwa kila neno la malalamiko yake lilikuwa ni ungamo pia. Lakini hoja hiyo imesahau kitu. Mapatano yale yalikuwa mawili ndani ya moja. La kwanza lilihusu watazamaji, nalo lilistahili kuvunjwa. La pili lilihusu mwili: kila mpiga mieleka huukabidhi mwili wake mikononi mwa mpinzani, akiruka na kuanguka kwa kutumaini kuwa hataumizwa. Amana hii haibatiliki kwa ubatili wa ile nyingine. Rikidozan alikuwa huru kukataa sare, na angeweza kusema hivyo kabla ya kengele, pengine angesifiwa. Hakuwa na haki ya kuufanya uaminifu wa mwenziwe kuwa silaha yake. Na wale wasemao kuwa bingwa wa judo ilimpasa awe macho, wanamtaka mtu aliyenyoosha mkono wa mapatano aunyooshe ukiwa ngumi.

Rikidozan alichomwa kisu katika klabu moja ya usiku mjini Tokyo tarehe 8 Desemba 1963, akafa siku saba baadaye, akiwa mtu maarufu kuliko karibu wote nchini mwake. Kimura alirudi kufundisha judo katika Chuo Kikuu cha Takushoku, na mwaka 1971 mwanafunzi wake, Iwatsuri Kaneo, alitwaa ubingwa wa Japani. Kodokan, chuo kikuu cha judo chote, kilimwacha katika daraja la saba mpaka alipokufa mwaka 1993.

Filamu ya pambano lile la Desemba ingaliko. Anayeitazama huona mapigo na huona damu. Mapatano hayaonekani, na pale Kimura anapopokea mapigo ya kwanza, si rahisi kwa mtazamaji kutambua kama ni mtu aliyelemewa, ama ni mtu anayemngoja mwenziwe akumbuke.