Kuna Mtu Chini Yako

Kijana mwenzangu, leo twende mlimani.

Kule Colorado, Marekani, kuna mlima wa granaiti unaitwa Longs Peak, mita 4,346. Mtakatifu Yohane Paulo II alifika jirani yake, Saint Malo, mwaka 1993 alipokwenda Denver kwa Siku ya Vijana Duniani. Wanaoupanda kwa vikundi huondoka usiku, wasije wakakutwa kileleni na radi za mchana. Mwanzoni ni kutembea tu. Ukishapita upenyo wa mwamba uitwao Keyhole, mikono nayo inaingia kazini: shika jiwe, jivute, fuata alama za rangi.

Halafu linakuja korongo la Trough, mteremko mkali wenye mawe yaliyolegea. Hapo aliyetangulia akikanyaga vibaya, jiwe linaporomoka. Yeye halimgusi. Linampata wa chini. Ndiyo maana anayeliangusha anatakiwa kupiga kelele papo hapo: "Jiwe!" Hakuna muda wa kuona aibu.

Unaona tunakokwenda? Katika Mathayo 18, Yesu anaonya vikali juu ya kuwakwaza wadogo wanaomwamini. Sisi tunasema, "Dhambi yangu ni mimi na Mungu wangu." Kweli? Kiongozi wa vijana, michango ya hija umeila, na mkutano ukiitishwa huonekani. Mwanakwaya, Jumapili unaimba Komunyo, Jumatatu unamchafua binti wa watu kwenye grupu la WhatsApp. Wewe bado uko juu, hujaanguka. Aliyepata Kipaimara juzi ndiye limempata. Siku hizi haji kanisani, na sisi tunasema ana imani haba!

Sasa tufanyeje? Tusiache kupanda kwa kuogopa. Pima jiwe kabla hujaliegemea: neno hili, posti hii, nikiituma itamwangukia nani? Na likishakutoka mguuni, piga kelele. Nenda kwenye Kitubio, ndiyo, lakini mwendee na yeye. Rudisha hela. Futa uongo pale pale ulipouandika. Mwambie, "Nilikukosea, usimwache Yesu kwa sababu yangu."

Wiki hii, kabla ya kulala, mtaje mbele za Mungu mtu mmoja anayepanda nyuma yako. Kisha mtafute.

Ee Yesu, Mwamba wetu, utuimarishe hatua, na uwalinde wanaotufuata. Amina.