Muundi wa Askari
Kutoka Kasongo hadi Kabambare, na mbele kuelekea Salamabila, askari wa FARDC, jeshi la Kongo, hutembea sana, bunduki begani, buti zimejaa tope. Anayeumwa muundi kila siku hunyamaza asije akaitwa mvivu. Ndugu yangu, huo si uvivu! Mwaka 1855 Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, aliandika juu ya nyayo za askari zilizovimba kwa mwendo mrefu. Baadaye eksirei ikaonyesha mifupa yenye nyufa. Muundi nao hupata ufa kama huo, nao unataka wiki kadhaa za kupumzika. Vidonge hutuliza maumivu tu. Bonyeza muundi kwa kidole: pakiuma mahali pamoja, hata usiku umelala, mwone mganga wa kikosi leo. Nawe komanda, mpe askari huyo zamu ya kambini, doria waende wenzake.