Fungua Kinywa, Kijana wa Kiogoro

Vijana wa Kiogoro, nina neno nanyi leo, na si la kunong'ona.

Mnamkumbuka towashi wa Ethiopia katika Matendo ya Mitume, sura ya 8? Alikuwa garini akimsoma nabii Isaya bila kumwelewa. Filipo, mhubiri aliyemfafanulia, alijuaje? Alimsikia! Angesoma moyoni, Filipo angempita, naye angerudi kwao na swali lake.

Nanyi mnaojiandaa kwa Security+, mtihani wa usalama wa kompyuta na mitandao, mbona mnasoma midomo imefungwa? Unapitisha macho kurasa ishirini, unafunga kitabu, unasema, "Nimeelewa." Umeelewa nini? Simama kati ya migomba ya kwenu utamke: poti 22 ni ya SSH, 53 ya DNS, 443 ya HTTPS, 3389 ya RDP. Ulimi ukikwama, hapo ndipo penye kazi. Heri ukwame mbele ya migomba kuliko mbele ya kompyuta ya mtihani!

Noah Forrin na Colin MacLeod wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walilipima jambo hili kwa wanafunzi. Maneno ambayo msomaji aliyatamka mwenyewe yalikumbukwa kuliko aliyoyasoma kimya, na hata kuliko aliyoyasikia kwa mwingine.

Lakini msiwe kasuku. Mfuate nyanya jikoni, umweleze kwa Ekegusii hadaa ya mtandaoni ni nini. Mwambie, "Nyanya, ni kama yule anayepiga simu akidai ametuma pesa za M-Pesa kimakosa, umrudishie." Atakuuliza, "Sasa nitamjuaje?" Mjibu! Akiridhika, somo umelishika. Ukibabaika, rudi kitabuni bila aibu, kisha urudi jikoni.

Msidhani mnatafuta cheti cha kutundika ukutani. Julai 2023 mfumo wa eCitizen ulishambuliwa kwa mafuriko ya maombi bandia, wananchi wakakosa huduma. Nchi hii inataka walinzi, na mlinzi asiyeweza kueleza hatari kwa kinywa chake atamwonya nani?

Maswali ya mtihani wenu hayazidi 90, dakika ni 90, na alama ya kufaulu ni 750 kwenye kipimo cha 100 hadi 900. Katika chumba cha mtihani hutaruhusiwa kujisomea kwa sauti. Basi tamka leo, ungali nyumbani.