Abiria Hupanda, Mzigo Hupakiwa

Kiswahili kinatenganisha mambo mawili ambayo sisi watu wazima huyachanganya kila mwezi wa Desemba. Abiria hupanda gari, mzigo hupakiwa. Anayepanda ana nia yake na kiti chake. Kinachopakiwa husukumwa mahali palipobaki. Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii ni hili: familia inapojiandaa kwa safari ndefu, mtoto yuko upande gani? Je, ni abiria au ni mzigo?

Huenda msomaji akaliona swali hili kuwa dogo mno kwa falsafa. Mimi naona maadili ya familia hujitokeza wazi zaidi inapopanga buti la gari kuliko inapotoa mawaidha. Nafasi ni chache, vitu ni vingi, na lazima kitu kiachwe. Kile tunachokubali kukiacha kinaonyesha tunachokithamini na tusichokithamini.

Nitachukua mfano ninaoufahamu. Familia nyingi zinazoishi Kampala hurudi kijijini kwa Krismasi, na yetu huenda Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. Ni safari ya takriban kilomita 400. Unapita Kayabwe kwenye mstari wa ikweta, kisha Lukaya ambako wachuuzi hukimbilia madirishani na nyama choma na ndizi za kuchoma, halafu Masaka, Mbarara na Ntungamo, ndipo barabara inaanza kupanda milima. Kwa mtu mzima ni siku ya kuchosha. Kwa mtoto wa miaka mitatu ni kama mwaka mzima.

Desemba iliyopita tulikuwa saba: baba, mama, shangazi, mimi, na watoto watatu wenye umri wa miaka tisa, sita na mitatu. Gari lilikuwa na viti saba. Hesabu ilikuwa imekamilika, mpaka zawadi zilipoletwa uani: gunia la sukari la kilo 50, katoni za sabuni, chumvi, mafuta ya kupikia, mikate na godoro jipya la bibi. Nilikuwa nimepewa kazi ya kupakia. Shangazi akatoa ushauri ambao wasomaji wengi wameshausikia: tukunje viti viwili vya nyuma, zawadi zikae huko, na watoto wapakatwe. Akasema, “Mtoto halipi nauli, kwa hiyo hana kiti.” Yule wa miaka sita, aliyekuwa amesimama karibu, akaniuliza, “Na mimi nitawekwa wapi?”

Hakuuliza atakaa wapi. Aliuliza atawekwa wapi. Alikuwa ameyaelewa maneno ya shangazi vizuri kuliko sisi sote.

Hoja ya shangazi inastahili kujibiwa kwa heshima, kwani haikutokana na ukatili. Ina nguzo tatu. Ya kwanza ni nauli. Katika teksi na mabasi yetu, anayelipa ndiye mwenye kiti, na mtoto asiyelipiwa hupakatwa. Huo ni utaratibu wa biashara. Lakini biashara inapima pesa, haipimi utu. Kama kulipa ndiko kunakompa mtu kiti, basi bibi yangu, ambaye hajalipia safari yoyote kwa miaka mingi, naye angepakatwa. Hakuna anayethubutu kulipendekeza hilo. Bibi tunampa kiti cha mbele kwa sababu ni mtu, tena mtu dhaifu. Mtoto naye ni mtu, tena dhaifu zaidi.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1797 kuhusu maadili na sheria, alitoa hoja ninayoiona inafaa hapa. Alisema wazazi humleta mtoto duniani bila ridhaa yake, na kwa sababu hiyo wana wajibu wa kumfanya aridhike na hali waliyomletea. Naomba niipeleke hoja hiyo barabarani. Kati ya sisi saba, watu wazima wanne tuliamua kusafiri. Watoto watatu waliambiwa wavae viatu. Asiyechagua safari ndiye anayedai zaidi kutoka kwa waliomchagulia. Kwa kawaida sisi tunafanya kinyume: aliyechagua anakaa vizuri, asiyechagua anabanwa.

Nguzo ya pili ni zawadi. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, na mtu anayetoka mjini bila chochote huaibisha familia yake. Siwezi kuudharau wajibu huu. Sukari ile ingegawiwa kwa majirani waliomwangalia bibi mwaka mzima wakati sisi hatupo. Hata hivyo, ni lazima tuulize zawadi ni nini hasa. Sukari inauzwa Kabale pia. Tangu mwaka 2009 watu wa Uganda wameweza kutuma pesa kwa simu, na bibi akanunua sukari dukani karibu na kwake. Mjukuu hauzwi dukani wala hatumwi kwa simu. Kama tunaenda kumwonyesha bibi wajukuu wake, si busara kuwafikisha wakiwa wametapika, wamevimba miguu na wanalia, ili gunia lifike salama. Nashuku kwamba sehemu ya mzigo wetu wa Krismasi haiendi kwa bibi, bali kwa macho ya kijiji. Tunataka gari lionekane limejaa. Na heshima yetu inalipiwa na magoti ya mtoto.

Nguzo ya tatu ndiyo ngumu kuijibu. Shangazi alisema, “Mimi nimekulia mapajani mwa watu, na bado ni mzima.” Ni kweli, na tena mapaja yale yalikuwa ya upendo. Lakini ushahidi huu una kasoro: waliopona ndio wanaosimulia. Ambao hawakupona hawapo uani kutujibu. Tena upendo haubadilishi kanuni za mwendo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 atavuta mikono ya anayempakata kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 140. Hakuna mama mwenye mikono hiyo, hata awe na upendo kiasi gani. Kiti maalumu cha watoto ni ghali na familia nyingi hazina. Lakini kiti cha kawaida na mkanda vilikuwepo tayari garini mwetu. Tulikuwa karibu kuvikunja kwa ajili ya sabuni.

Hapa sina budi kuweka mpaka. Simhukumu mama anayepanda basi na watoto watatu akiwa na pesa ya tiketi moja. Yeye hana cha kuchagua, na mapaja yake ndiyo yote aliyo nayo. Maadili yanayowalaumu maskini kwa umaskini wao si maadili. Nazungumza na aliye na nafasi kisha akaijaza magunia, halafu akasema nafasi haipo.

Kumpa mtoto kiti ni mwanzo tu, kwa sababu hata upangaji wa mizigo yenyewe una haki na dhuluma ndani yake. Nguo za watoto, kwa kuwa ni ndogo, hutupwa chini kabisa na mabegi ya wakubwa huwekwa juu. Matokeo yake mtoto anapotapika njiani hakuna anayeweza kuifikia fulana safi. Anayemfikiria mtoto hupanga kinyume: cha mtoto huingia mwisho ili kitoke kwanza. Maji, nguo kavu, kitambaa na mfuko wa kutapikia hukaa karibu na mkono. Sweta pia, kwani Kabale iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000 na jioni yake haina huruma kwa mtoto aliyezoea joto la Kampala. Na mahali pa kusimama kwa haja hupangwa kabla ya kuondoka. Kumwambia mtoto “jikaze” kwa kilomita 50 ni kumwadhibu kwa kosa la kuwa na kibofu kidogo.

Wengine watasema huku ni kudekeza, na kwamba shida humkomaza mtoto. Nakubali kwamba shida inaweza kufundisha. Mtoto wa miaka tisa anaweza kubeba begi lake na kuwasubiri wenzake. Hiyo ni shida iliyochaguliwa kwa faida yake. Kubanwa kati ya godoro na mlango si somo. Ni mabaki ya maamuzi ya wengine, na kuyaita malezi ni kujipamba.

Je, basi mtoto ndiye aamue? Hapana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni na maoni hayo yazingatiwe kulingana na umri wake. Kusikilizwa si kutiiwa. Yule wa miaka sita alitaka kubeba gari lake la makopo, ambalo lina ncha kali, na tulikataa. Lakini tulimweleza sababu, akachagua mpira badala yake. Mzigo hauelezwi sababu. Abiria huelezwa.

Baba ndiye aliyekata shauri. Viti havikukunjwa. Godoro lilifungwa juu ya gari, nusu ya sabuni ilipakiwa, na gunia la sukari likabaki Kampala. Shangazi hakufurahi, na sidhani kama tulimshawishi. Wakati wa kurudi swali lilitungoja tena, safari hii likiwa gunia la viazi mviringo kutoka shambani kwa bibi, na litatungoja Desemba ijayo pia.

Wahenga walisema ukubwa ni jaa: mkubwa ndiye anayetupiwa taka zote, naye huvumilia. Kama methali hiyo ni ya kweli, basi nafasi inapokosekana garini, anayepaswa kubanwa kwanza anajulikana. Ni sisi tulioamua kwenda.