Posho ya Waimbaji

Somo: Nehemia 13:4–13

Nehemia aliporudi Yerusalemu kutoka kwa mfalme Artashasta alikuta mambo mawili yaliyomkasirisha, na msomaji mwenye haraka anaweza kudhani hayahusiani. La kwanza: chumba kikubwa cha hekalu, palipokuwa pakiwekwa zaka za nafaka, divai na mafuta, kilikuwa kimegeuzwa makao ya Tobia, mheshimiwa wa siku zile na rafiki wa kuhani Eliashibu. La pili: waimbaji hawakuwapo. Walikuwa wamekwenda zao kulima, kila mtu shambani kwake, kwa sababu fungu lao halikutolewa.

Waimbaji wale walihesabiwa kuwa watu wa kazi. 1 Nyakati 9:33 inaeleza kwamba walisamehewa shughuli nyingine kwa kuwa zamu yao ilikuwa ya mchana na usiku, na Nehemia 11:23 inataja amri ya mfalme kuhusu posho yao ya kila siku. Fungu lao la zaka nalo liliwekwa katika chumba kile kile alichopewa Tobia. Mkubwa mmoja alipata malazi, na nyumba ya Mungu ikakosa wimbo.

Somo hili limenikaa moyoni kwa ajili ya watu wanaoimba barabarani Nairobi, hasa wale wasioona. Ukipita barabara ya Tom Mboya au Moi Avenue utawakuta: kinanda juu ya stendi, spika chini, kopo mbele. Wengi wetu tumewasikia tangu utotoni. Ni wachache waliowahi kujiuliza siku yao inakwendaje.

Siku hiyo huanza kwenye betri. Barabarani hakuna pa kuchomeka waya, kwa hiyo betri ya gari hupelekwa jioni kwa fundi ichajiwe, na asubuhi huchukuliwa kwa malipo. Kisha matatu. Kondakta akiiona spika anadai nauli ya abiria wa pili, na wakati mwingine gari huondoka mabishano yakiwa bado hayajaisha. Anayebisha ni kijana anayemwongoza mwanamuziki, ambaye naye ana haki ya kulipwa, siku iwe nzuri au mbaya. Asipolipwa leo, kesho haji, na asipokuja mwanamuziki hatoki nyumbani. Hivyo kabla kidole hakijagusa kinanda, huyu tunayemwita mwombaji ameshakuwa mwajiri, mteja wa fundi na abiria aliyelipia viti viwili.

Asubuhi watu wana haraka, naye anaijua haraka hiyo kwa vishindo vya viatu. Hapo huweka mdundo mwepesi na kupiga pambio zinazojulikana, kwa sababu mpita njia anakupa nusu dakika tu ya masikio yake. Saa sita mchana wafanyakazi wanapotoka kutafuta chakula, anaweza kuingiza tenzi za taratibu. Akisikia wanaopita wakizungumza Kikamba anageukia Kikamba. Wakija wa Kikuyu, anao wimbo wao pia. Yote hayo anayafanya huku duka la simu jirani limefungulia muziki wake, makanga wanaita abiria, na honi hazikomi. Mwanakwaya wetu angepigiwa makelele kiasi hicho angeweka kipaza sauti chini na kwenda nyumbani.

Mvua ikianza, turubai huvutwa juu ya kinanda kabla mwenyewe hajajikinga. Akija askari wa jiji, yaani kanjo, vyombo hukusanywa haraka, na eneo alilolizoea linaweza kupotea kwa wiki nzima. Pesa nazo zina sauti zake: sarafu hulia, noti hunyamaza. Kwa hiyo noti ndiyo rahisi kuibwa, na wapo wanaotia sarafu ya shilingi tano huku mkono ule ule unatoka na mia. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 mambo yamebadilika kidogo. Wengine huandika nambari ya simu kwenye kipande cha boksi na kukibandika kwenye spika, na mwenye simu inayosoma ujumbe kwa sauti hahitaji mtu wa kumwambia ameingiziwa kiasi gani.

Lakini lipo jambo zito zaidi ya mvua na kanjo. Mwanamuziki wa barabarani hugundua mapema kwamba huruma inalipa kuliko ufundi. Anaweza kufanya mazoezi ya utenzi mmoja mwezi mzima, akaupamba kwa sauti za pili na tatu, akaupiga kwa namna ambayo ingemsimamisha mwalimu wa muziki. Kopo likabaki kimya. Kisha kijana wake akitikisa kopo na kutangaza kwamba huyu haoni na ana watoto, sarafu zinaanza kudondoka. Mtu akifundishwa hivyo kila siku, kwa miaka, anajifunza nini? Kwamba wimbo wake ni kisingizio tu, bidhaa halisi ni macho yake. Sisi ndio tuliomfundisha, na wengi wetu tulikuwa njiani kwenda ibadani.

Simlaumu anayetoa sarafu. Afadhali yeye kuliko anayevuka barabara. Ila sadaka hupimwa na moyo wa mtoaji, wakati ujira hupimwa na kazi iliyofanywa, na Torati haikuviacha vichanganyike. Kumbukumbu la Torati 24 linaagiza kibarua maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijatua, kwa sababu roho yake imeutegemea ujira huo. Tunapomwona kipofu barabarani tunamkumbuka Bartimayo upesi mno. Bartimayo aliketi kando ya njia akiomba. Huyu wa Tom Mboya amesimama anafanya kazi, na pengine ni kazi aliyosomea. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona Thika mwaka 1946, na katika shule za namna hiyo muziki umefundishwa vizazi na vizazi. Hata kwa Bartimayo, Bwana alimuuliza kwanza anataka afanyiwe nini.

Kwamba kazi ya namna hii inaweza kulipwa kama kazi, tumeshaona. Kule Kinshasa kulikuwa na kundi la Staff Benda Bilili, wanaume waliopooza kwa polio, wakipanda baiskeli za magurudumu matatu na kufanya mazoezi karibu na bustani ya wanyama. Kijana wao Roger Landu alipiga ala ya uzi mmoja aliyoitengeneza kwa kopo. Mwaka 2009 albamu yao ilitoka, mwaka 2010 filamu juu yao ikaonyeshwa Cannes, na wakazunguka Ulaya wakipiga muziki. Miili ilikuwa ile ile, kopo lile lile. Tofauti ni kwamba sasa watu walikata tiketi.

Turudi kwa Nehemia. Ona alivyolishughulikia jambo lile: hakuwakemea waimbaji kwa kuacha zamu. Aliwagombeza wakuu. Alitupa nje vyombo vya Tobia, chumba kikatakaswa, waimbaji na Walawi wakakusanywa na kurudishwa mahali pao, kisha akaweka watunza hazina waaminifu wa kuwagawia ndugu zao. Kwake uamsho ulifika mpaka kwenye daftari la malipo. Nakiri kwamba sehemu hii huwa hatuihubiri sana. Ni rahisi zaidi kuhubiri ukuta wa Yerusalemu alioujenga.

Makanisa yetu mengi ya mjini hukodi mpiga kinanda kwa harusi, huku tukimpita mwingine hatua mia moja kutoka langoni. Tukimwalika, tunamwalika Jumapili ya walemavu, tunampa wimbo mmoja, tunapitisha kikapu, tunapiga picha. Wazee wa kanisa na kamati za muziki, nawaombeni hili: mwezi huu mtafuteni mmoja wa hao, mwekeni kwenye ratiba ya kawaida ya ibada, mkubaliane naye malipo kama mnavyokubaliana na wengine, pamoja na nauli yake na ya kijana wake. Mlipeni siku hiyo hiyo kabla hajaondoka uwanjani. Nawe unayepita mjini kesho asubuhi, simama wimbo uishe, ndipo utoe.